Meneja Anapouliza Yasiyo ya Kazi

Meneja ana haki ya kuuliza mengi. Anaweza kuuliza kazi imefikia wapi, kwa nini ripoti imechelewa, au nani atashika zamu ya mtu aliye likizo, na mfanyakazi hana sababu ya kuona kwamba anachokozwa. Lakini kinywa hichohicho kinaweza kuuliza kwa nini mtu hajaoa mpaka leo, ujauzito ulioharibika ulikuwa wa miezi mingapi, mbona mume haonekani kwenye hafla za ofisi, mtu anasali wapi, au mshahara wote huo anaupeleka wapi. Anayeulizwa mara nyingi hujikuta ameshajibu kabla hajafikiri, kisha akabaki anajilaumu. Au hunyamaza, kisha akabaki na wasiwasi kwamba ukimya wake umeonekana kuwa ni kiburi.

Kinacholifanya jambo hili liwe gumu ni kwamba maneno ya swali pekee hayatoshi kuamua kama ni wema au ni uvamizi. "Mama anaendeleaje?" ni salamu ya kibinadamu, na ofisi ambayo watu wake hawaulizani hali haikaliki. Wapo mameneja wanaouliza kwa sababu wanajali kweli, wapo wanaouliza kwa mazoea tu kwa kuwa nao waliulizwa hivyo na wakubwa wao, na wapo wanaododosa kwa makusudi ili wawe na la kushika. Mfanyakazi hawezi kuingia moyoni mwa mtu akajua ni yupi kati ya hao aliye mbele yake. Anachoweza kukipima ni kitu kingine: uamuzi upi wa kazi utabadilika kutokana na jibu lake.

Kipimo hicho kina mantiki kwa sababu ya cheo. Jirani akiuliza lini utazaa, unaweza kucheka, ukakwepa, ukaenda zako, na kesho mambo yakawa yaleyale. Meneja ndiye anayesaini likizo, anayeandika tathmini ya utendaji, anayependekeza jina la kupandishwa cheo na, mambo yakiwa mabaya, anayeshauriwa kuhusu majina ya kupunguzwa kazini. Swali lake haliji peke yake. Linakuja na kalamu yake. Ndiyo maana wanaosema "si ukatae tu kujibu" wanarahisisha mambo: kukataa kuna gharama, na anayeulizwa anaijua gharama hiyo wakati muulizaji mara nyingi haioni kabisa.

Tena jibu likishatoka, halibaki kuwa maongezi. Linageuka kuwa jambo ambalo meneja analijua wakati wa kugawa kazi. Chukua meneja aliyesikia kwamba mfanyakazi wake na mumewe wanatafuta mtoto. Miezi michache baadaye unakuja mradi mkubwa wenye safari nyingi, naye anampa mtu mwingine, akiamini kwa dhati kwamba amemwonea huruma yule mama mtarajiwa. Hakuna chuki hapo, wala hakuna barua ya kukataliwa. Mfanyakazi hakuambiwa kwamba jina lake lilifikiriwa likaachwa, kwa hiyo hana hata la kulalamikia. Madhara ya maswali haya hutokea kwa njia hiyo ya kimyakimya mara nyingi zaidi kuliko kwa ukatili wa wazi, na kwa maoni yangu meneja mwenye huruma nyingi na mipaka michache anastahili tahadhari ileile anayopewa mbea.

Turudi kwenye kipimo, tukitumia mfano unaotokea kila mahali, yaani likizo ya ugonjwa. Ili kazi iendelee, ofisi inahitaji kujua mtu atakosekana siku ngapi, nani amshikie nafasi, atarudi lini, na kama akirudi kuna kazi ambazo hataziweza kwa muda. Jina la ugonjwa haliongezi chochote kwenye hayo manne. Hata pale ambapo mfanyakazi anaomba apunguziwe kazi nzito, kinachohitajika ni kujua kikomo chenyewe, kwa mfano kwamba hatakiwi kuinua mizigo kwa wiki 6, na daktari anaweza kuandika hivyo bila kutaja kilichosababisha. Zipo kazi ambazo afya ya mtu inagusa usalama wa wengine moja kwa moja, kama vile urubani au kuendesha mashine kubwa, na huko maswali ya afya yana msingi wa kweli. Lakini hata huko utaratibu ulio salama ni kwamba mtu anapimwa na mtaalamu wa afya, naye mtaalamu anamrudishia mwajiri jibu la "anafaa" au "hafai" pamoja na masharti yake, huku faili la matibabu likibaki kwake.

Kuna taarifa nyingine zinazochanganya watu kwa sababu ofisi kweli inazihitaji, ila meneja hazihitaji. Majina ya wategemezi kwa ajili ya bima, mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, hali ya ndoa pale inapohusu kodi au mafao: haya yote yana sehemu yake kwenye faili la idara ya utumishi. Kuwapo kwake kwenye faili hakumpi mkuu wa kitengo ruhusa ya kuyafanya mada ya chai. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zimejengwa juu ya wazo hilohilo kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 25, 2018 inaweka taarifa za afya, dini, msimamo wa kisiasa, uanachama wa chama cha wafanyakazi na maisha ya kimapenzi katika kundi ambalo kuzishughulikia ni marufuku mpaka iwepo sababu maalumu iliyotajwa na sheria. Wanaoisimamia huitilia shaka hata ridhaa ya mfanyakazi, kwa hoja kwamba anayemtegemea mwajiri kwa riziki hawezi kusema "hapana" kwa uhuru uleule wa mtu baki.

Hata hivyo, sheria za namna hiyo zina mwanya unaofaa kujulikana. Nyingi zinagusa taarifa inayoingizwa kwenye kompyuta au kwenye faili lenye mpangilio. Swali la mdomo lililoulizwa kwenye korido, likajibiwa, na lisiandikwe popote, linaweza kuzipita. Kinacholikamata ni sheria za ubaguzi na za unyanyasaji kazini. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unapinga ubaguzi katika ajira kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, msimamo wa kisiasa na asili ya mtu. Mkataba namba 158 wa 1982 unasema hali ya ndoa, majukumu ya familia na ujauzito si sababu halali za kumwachisha mtu kazi. Na Pendekezo namba 200 la 2010 linasema mfanyakazi asilazimishwe kutaja hali yake ya maambukizi ya VVU. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 31, inakwenda hadi kwenye swali lenyewe, kwani inamlinda mtu dhidi ya kudaiwa pasipo lazima taarifa za familia yake au mambo yake binafsi. Huo ni ulinzi mpana. Mahali pengi hali ni tofauti: kuuliza kwenyewe si kosa, lakini swali linageuka kuwa ushahidi siku uamuzi mbaya unapofuata. Meneja aliyeuliza habari za uzazi mwezi uliopita, kisha mwezi huu akamnyima mtu cheo, ana maelezo ya kutoa.

Mfano ninaouona kuwa bora zaidi wa kutenganisha salamu na udodosaji unatoka Marekani, ambako sheria ya 2008 inawakataza waajiri kuuliza habari za kijenetiki za mfanyakazi, ikiwamo historia ya magonjwa ya ukoo wake. Waandishi wa kanuni zake waliona kwamba watu huulizana hali, na kwamba haiwezekani kumshtaki bosi kwa sababu alimuuliza mtu baba yake anaendeleaje, akajibiwa kwamba mzee ana saratani. Jibu lililokuja kwa njia hiyo halihesabiwi kuwa kosa. Lakini bosi akiendelea, akauliza kama kuna wengine kwenye familia wenye ugonjwa huo au kama mfanyakazi mwenyewe ameshapima, kinga hiyo inaondoka. Kwa maneno mengine, swali la kwanza linaweza kuwa salamu. La pili, lililoulizwa baada ya jibu kutolewa, ndilo linalohitaji sababu. Hata mahali ambapo sheria hiyo haifiki, kipimo hicho kinafaa.

Sasa, mtu ajibu vipi? Ushauri wa kawaida ni kusema wazi kwamba hutaki kulizungumzia jambo hilo. Ni haki yako, ila tafiti zinaonyesha kwa nini mara nyingi jibu hilo huacha ladha mbaya. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Harvard, Leslie John, Kate Barasz na Michael Norton, walionyesha kwamba mtu anayekataa kujibu swali huweza kufikiriwa vibaya kuliko hata yule anayekiri jambo baya, kwa sababu wanaomtazama hujaza pengo kwa dhana mbaya kuliko ukweli. Mwaka 2020 Bradford Bitterly na Maurice Schweitzer walichapisha matokeo mengine yanayokamilisha hayo: anayejibu swali kwa swali jingine huhukumiwa vizuri zaidi kuliko anayekataa waziwazi. Kukwepa kwa ustadi, basi, si woga. Ni njia ya kulinda siri bila kulipa bei ya kukataa.

Ustadi wenyewe ni kujibu haja ya kazi iliyo chini ya swali na kuliacha swali lilivyo. Mfanyakazi amerudi kutoka likizo ya ugonjwa, na meneja anasimama kwenye meza yake.

"Hivi ulikuwa unaumwa nini hasa?"

"Asante kwa kuniuliza, bosi, sasa niko vizuri. Cheti cha daktari nimeshakipeleka utumishi. Ile ripoti ya robo mwaka iliishia wapi nilipokuwa sipo?"

"Lakini ni tumbo, au ni nini?"

"Hilo nimemwachia daktari, bosi. Naomba tuitazame ripoti."

Jibu la kwanza lina shukrani, linaonyesha karatasi iko wapi, kisha linarudisha mazungumzo kazini kwa swali ambalo meneja analiweza. Jibu la pili ni fupi kuliko la kwanza, na hapo ndipo wengi hukosea: wakibanwa, wanarefusha. Wanaanza kueleza kwa nini hawapendi kusema, na kila sababu wanayoitoa inakuwa mlango wa swali jingine. Kama kuna swali la tatu, jibu lake liwe fupi zaidi, kwa sauti ileile. Sauti ina uzito kuliko maneno. Ukisema jambo hilohilo kwa ukali, kesho kitakachozungumzwa ni ukali wako.

Maswali ya ndoa na uzazi yanahitaji uangalifu wa ziada kwa sababu majibu yake mepesi yana mtego. Mwanamke anayeulizwa kama ana mpango wa kuzaa karibuni hushawishika kusema "hapana, bado sana", amalize. Lakini amekwishatoa taarifa, tena kwa namna ya ahadi ambayo baadaye mtu anaweza kumkumbusha kana kwamba alidanganya. Jibu lisilo na mtego ni lile linalotaja kazi peke yake: "Kama ni kuhusu mradi wa mwakani, ningependa niuongoze." Meneja amejua alichostahili kujua, yaani kwamba mtu huyu anautaka mradi, na hajajua lolote kuhusu tumbo lake.

Na uongo je? Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, ingawa wanasheria wamelijibu waziwazi. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 kuhusu taarifa binafsi za wafanyakazi, ambao haulazimishi nchi yoyote lakini una uzito wake, unasema kwamba mfanyakazi aliyeulizwa maswali yasiyostahili akajibu visivyo au nusunusu asifukuzwe wala asiadhibiwe. Mwaka 2001 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi iliyotoka Denmark, iliamua kwamba mwanamke aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda bila kusema kuwa ni mjamzito hakuweza kuachishwa kazi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ulinzi huo haufiki kwenye maswali halali: anayedanganya kuhusu sifa zake za kitaaluma, au kuhusu kikomo cha kiafya kinachohatarisha wenzake, hana pa kujificha. Zaidi ya sheria kuna uchovu. Uongo unahitaji kukumbukwa, kulishwa na kuoanishwa na walichosikia wengine, na katika ofisi ndogo kazi hiyo haina mwisho.

Wapo watakaoamua kusema, na si kosa. Mtu anayeuguza mzazi anaweza kuona ni bora meneja ajue kuliko aendelee kumwona mzembe. Hapa lipo wazo zuri la mtaalamu wa mawasiliano Sandra Petronio, anayeeleza kwamba ukimwambia mtu siri yako amekuwa mmiliki mwenzako, na kwamba ugomvi mwingi huzuka kwa sababu wamiliki hao hawakukubaliana masharti. Sharti basi liende pamoja na habari: "Nakueleza wewe kwa ajili ya ratiba ya zamu, sipendi lifike kwenye kikao." Kulisema sharti hilo wiki mbili baadaye, jambo likiwa limeshasambaa, kunasaidia kidogo sana. Uangalifu mwingine unahitajika kwa meneja anayetanguliza siri zake mwenyewe, akaeleza ugomvi wa ndoa yake kisha akanyamaza akisubiri. Kumsikiliza mtu hakuzai deni, ingawa ukimya ule unaweza kukufanya uone hivyo.

Kukwepa kukishindwa, kinachofuata ni kumwambia mwenyewe, faraghani, wakati hakuna aliyekasirika. Zungumzia maswali na athari yake, uiache tabia ya mtu. "Bosi, maswali kuhusu ndoa yangu yananiwia vigumu hapa kazini, naomba tubaki kwenye kazi" ni sentensi ambayo meneja wa mazoea ataipokea kwa aibu kidogo na kuacha. "Wewe unapenda sana umbea" inaweza kuwa kweli tupu, lakini itampa sababu ya kujitetea badala ya kubadilika. Kinachotokea baada ya mazungumzo hayo kinafichua kile ambacho mwanzoni hakikuonekana: asiyekuwa na nia mbaya huacha, mwenye nia mbaya hutafuta njia nyingine. Angalia pia anawauliza nani. Akiwauliza wanawake peke yao, au watu wa dini moja peke yao, hilo si suala la malezi tena.

Kumbukumbu zianze kuandikwa mapema, kabla ya kujua kama zitahitajika: tarehe, mahali, maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa, nani alikuwepo, na uamuzi gani wa kazi ulifuata. Ziandikwe kwenye daftari lako au kifaa chako, kwa kuwa kompyuta ya ofisi inaweza kuchukuliwa siku hiyohiyo unapolalamika. Kurekodi sauti kwa siri ni jambo jingine. Katika baadhi ya nchi ni kosa, na mlalamikaji hugeuka mshtakiwa. Ukienda idara ya utumishi, kumbuka kwamba idara hiyo inamtumikia mwajiri. Inaweza kukusaidia, na mara nyingi husaidia, lakini husaidia vizuri zaidi inapoletewa ombi mahususi, kwa mfano kwamba vyeti vya ugonjwa vipitie kwao moja kwa moja bila kupitia kwa meneja, kuliko inapoletewa manung'uniko ya jumla.

Utaratibu huu wa hatua kwa hatua hauhusu maswali ya kimapenzi. Meneja anayeuliza habari za chumbani, za mwili wa mtu au za nani analala na nani ameingia kwenye unyanyasaji wa kijinsia, na mfanyakazi halazimiki kuanza kwa kukwepa wala kumwita faraghani. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Juni 25, 2021, unatamka kwamba tukio moja linatosha, halihitaji kujirudia. Malalamiko hapo yaende moja kwa moja kwa aliye juu ya meneja, chama cha wafanyakazi au chombo cha dola.

Ni kweli kwamba mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio, au mwenye mkataba unaoisha mwezi ujao, hana nafasi sawa na mwenye ajira ya kudumu. Kwake kukwepa kwa adabu na kutunza kumbukumbu vinaweza kuwa ndiyo yote yanayowezekana kwa sasa, na asiambiwe kwamba amekosa ujasiri. Mzigo mkubwa zaidi unamhusu meneja mwenyewe, ambaye ana njia rahisi ya kupata anachokihitaji bila kuchungulia. Akiona kazi ya mtu imeshuka, aitaje hiyo kazi: "Ripoti tatu zilizopita zimechelewa. Kuna jambo lolote ambalo ofisi inaweza kusaidia?" Mfanyakazi akitaka, atasema kuhusu mzazi anayemuuguza au matibabu anayoyafuata, kwa kiasi anachoona kinatosha. Akijibu kwamba hakuna, wanarudi kwenye zile ripoti tatu na tarehe za kuzikamilisha.